Mshahara wa Ng'ambo ya Mto Suam na Kodi Yake

Mto Suam washuka kutoka Mlima Elgon, na kwa kitambo kirefu ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Upande mmoja ni Endebess na barabara iendayo Kitale. Upande wa pili ni Bukwo na barabara ya kwenda Kapchorwa. Wasabaot wa huku na Wasebei wa kule husikizana bila mkalimani, huoana, na huuziana mahindi na ng'ombe. Si ajabu basi mtu kuwa na nyumba yake Kenya na riziki yake Uganda. Lakini miongoni mwa hao wavukao kwa ajili ya mshahara, wako wengi wadhanio kwamba aliyekatwa kodi Uganda amekwisha maliza deni lake, na kwamba Kenya haina habari naye.

Zamani dhana hiyo ilikuwa na msingi. Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 1952, na ile ya 1958 iliyoifuata, zilikuwa za Afrika Mashariki, na idara moja ilizihudumia nchi zote. Mwaka 1973 Kenya ilitunga sheria yake yenyewe, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1974, na Uganda nayo ikashika njia yake. Tangu hapo mto umekuwa mpaka wa kodi pia.

Yafaa ieleweke kwamba sheria ya Kenya haitazami mahali pa kazi peke yake, bali hutazama mtu ni mkazi wa wapi. Mwenye maskani ya kudumu Kenya, akiwa amekuwako nchini hata kwa siku chache katika mwaka, ni mkazi. Asiye na maskani ya kudumu huhesabiwa siku zake: zikifika 183 katika mwaka, amekuwa mkazi, au kama amekuwako mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, na wastani wapita siku 122 kwa mwaka. Mshahara wa mkazi hutozwa kodi, kazi iwe imefanywa ndani ya Kenya au nje. Sheria ya Uganda nayo yatazama maskani na siku 183. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa mkazi wa nchi mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo taabu huanza.

Chukua mfano wa karani, raia wa Kenya, ambaye mkewe na watoto wake wako Endebess. Yeye hulala Bukwo kwa siku za kazi, na Jumamosi hurudi nyumbani. Mshahara wake ni shilingi za Uganda 1,120,000 kwa mwezi. Na shilingi moja ya Kenya ikiwa sawa na 28 za Uganda, hizo ni shilingi 40,000 za Kenya. Kwa viwango vya mwaka 2024 Uganda humkata shilingi 238,000 zake kila mwezi, yaani 8,500 za Kenya, na kwa mwaka mzima 102,000. Kwa hesabu ya Kenya, bila kutia makato mengine, mshahara huo wa 480,000 kwa mwaka wadaiwa kodi ya shilingi 52,600 baada ya kuondolewa nafuu ya kila mtu ya 28,800.

Je, alipe zote mbili? La. Sheria ya Kenya humruhusu raia aliye mkazi kuhesabiwa kodi aliyolipa katika nchi nyingine kwa mshahara wa kazi ya huko, lakini isipite ile ambayo Kenya ingemtoza. Karani huyu hana hata senti ya kulipa Kenya, wala hatarudishiwa kile kilichozidi. Ila nafuu hii huja kwa ushahidi. Asipokuwa na hati ya mwajiri wake au ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda ionyeshayo kodi iliyokatwa, deni la 52,600 lamkabili lote, na hizo ni karo za shule za watoto. Wengi huzikunja hati hizi mfukoni hata zikachakaa, jambo la kusikitisha.

Kuna tatizo jingine dogo lenye kusumbua. Mwaka wa kodi wa Kenya ni Januari hadi Desemba, ilhali wa Uganda waanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Hati ya Uganda ya mwaka mmoja hugusa miaka miwili ya Kenya. Kwa sababu hiyo ni bora kuomba hesabu ya kila mwezi.

Aliye mkazi wa Uganda na kufanya kazi Kitale hali yake ni nyepesi zaidi, maana sheria ya Uganda husamehe mshahara wa nje ambao umekwisha lipiwa kodi huko ulikopatikana. Mkulima naye ana sheria yake. Mkazi wa Kenya akiendesha shughuli moja ya kilimo kwenye kingo zote mbili za mto, Kenya huhesabu faida yote kuwa imepatikana Kenya. Wala asitegemee ile nafuu ya karani, kwani hiyo imeandikwa kwa ajili ya mshahara. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi mwaka 2010 mkataba wa kuzuia kodi ya mara mbili, lakini hadi mwaka 2024 ulikuwa haujaanza kutumika.

Karani wa mfano wetu, ingawa hadaiwi kitu, hapana budi apeleke taarifa ya mapato ya mwaka kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, kwa namba yake ya PIN katika tovuti ya iTax, kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka ufuatao kupita. Achelewaye hutozwa faini ya shilingi 2,000, au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa. Asiyejua kutumia tovuti aweza kwenda na hati zake mjini Kitale akasaidiwe, na aende mapema, kwa maana katika wiki ya mwisho ya Juni foleni huwa ndefu.