Punda Akichechemea, Papasa Nyuma ya Mguu

Kijana mmoja wa Bambi alinipigia simu alfajiri. "Bwana shamba, punda anachechemea tangu juzi. Nimemchua, nimemfunga kamba, leo nampeleka tena." Nikamwambia asimtoe, nakuja. Ana punda mmoja tu, na muhogo na ndizi zake zote hutoka shambani kwa gari la huyo punda mpaka barabarani, ndipo zipakiwe za kwenda Darajani.

Nilipofika nikaukuta mguu wa mbele wa kulia umevimba nyuma, kati ya goti na kifundo, umetuna kama upinde. Nikaugusa, moto. Nikagusa wa kushoto, baridi, na kano zake unazihisi kama kamba mbili zilizonyooka. Punda ni mvumilivu, maumivu huyaficha. Ukimuona anachechemea waziwazi ujue yamemzidi.

Sisi husema "mshipa umemshtuka." Mshipa hupitisha damu. Kano ni kitu kingine, hiyo hushika msuli na mfupa. Punda hana msuli wa kuukunja mguu chini ya goti. Misuli iko juu, na nguvu yake huteremka kwa kano mbili ndefu za nyuma, moja karibu na ngozi, nyengine ndani yake, inayofika mpaka kwenye kwato. Umewahi kuwaona kina mama wa pwani wakisokota kamba ya makumbi? Usumba unakuwa uzi, nyuzi zinakuwa kamba. Kano ni hivyo hivyo, nyuzi za kolajeni zilizofungwa mafungu mafungu. Nyuzi chache zikikatika kamba bado inavuta, na hapo ndipo tunapojidanganya tukamrudisha mnyama garini. Tena kano hupata damu kidogo, kwa hiyo hupona kwa miezi, na kovu lake halinyumbuki kama mwanzo.

Cha kwanza nilifungua ile kamba, maana ilishaanza kukata ngozi. Halafu baridi: barafu ya kutilia samaki, kitambaa katikati isiunguze ngozi, dakika 20, mara tatu nne kwa siku, siku mbili tatu za mwanzo. Kisha pamba nene na bandeji pana, imekazwa sawasawa. Kuchua hapana, mguu ukiwa wa moto unazidi kuuchana. Dawa ya maumivu atoe daktari wa mifugo, na jamani, isiwe ya kumtia nguvu arudi kazini.

Jirani mmoja mzee akashauri tumchome kwa chuma cha moto. Namheshimu, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walilipima jambo hilo kwa farasi na kuchapisha matokeo mwaka 1983: kuchoma hakukusaidia kano kupona. Kunaongeza maumivu tu.

Jeraha la panga au bati ni habari nyengine. Kifundo kikididimia, kano ya karibu na ngozi imekatika. Ncha ya kwato ikinyanyuka juu, ya ndani nayo imekwenda. Osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, funga, ita daktari siku hiyo hiyo, na umuulize sindano ya pepopunda, maana punda hushikwa nayo upesi kuliko ng'ombe.

Huyu wa Bambi hakukatwa. Kwato zake zilikuwa zimerefuka mbele, na kwato ndefu huivuta kano kila hatua. Zilitakiwa zikatwe kila wiki 6 hadi 8. Ongeza mzigo wa kupita kiasi na njia ya mawe.

Nilipomwambia miezi sita bila gari, pengine zaidi, akaniuliza, "Sasa mimi nile nini?" Swali la haki. Tukakaa chini tukapiga hesabu: akivuna kwa siku mbili za wiki badala ya tano, anaweza kukodi gari la ng'ombe la jirani na bado akabakiwa na kitu. Kidogo, lakini kitu. Punda mpya angemfilisi.

Sasa ni wiki ya saba. Uvimbe umepungua, moto umekwisha, na kila asubuhi anamtembeza dakika kumi kwenye tambarare, kwa kamba, bila mzigo. Juzi kaniuliza kama anaweza kumbebesha mikungu miwili tu. Nimemkatalia.