Je, Wajua? Yaliyomo Kwenye Maji ya Kuku

Je, wajua kwamba mwili wako hauzoei antibayotiki? Wanaoizoea ni bakteria. Dawa ikiingia, walio dhaifu hufa na wachache wanaoistahimili hubaki peke yao uwanjani. E. koli, bakteria wa matumboni, akipata joto na chakula cha kutosha huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu kuanzia jioni hadi alfajiri.

Je, wajua kwamba jambo hili limepimwa hapa hapa Arusha? Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, jirani na Makumira, pamoja na wenzao wa Marekani, walipima E. koli 1,800 kutoka kwa kuku 75, wakiwamo broila wa bandani na kuku wa kienyeji wanaojitafutia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Walioishinda tetrasaiklini walikuwa karibu asilimia 57 kwa broila na asilimia 20 kwa kienyeji. Kwa siprofloksasini, broila walifika karibu asilimia 22, kienyeji hawakufika hata asilimia 2. Siprofloksasini ni dawa anayoandikiwa mama yako akiugua U.T.I. Takwimu hii ndiyo inayoninyima usingizi.

Je, wajua siprofloksasini inavyofika kwa kuku? Enrofloksasini ya duka la mifugo ni ndugu wa damu wa siprofloksasini, na mwilini mwa kuku sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini yenyewe. Bakteria anayeishinda bandani anakwenda hospitali akiwa ameshahitimu. Marekani iliiondoa enrofloksasini kwenye ufugaji wa kuku mwaka 2005.

Je, wajua kwamba hata kuku asiyepewa dawa hubeba bakteria sugu? Kienyeji anayechakura chini ya migomba huwaokota kwenye kinyesi, kwenye maji ya mfereji, kwenye udongo uliogandia viatu vyetu. Bakteria nao hupeana vinasaba vya usugu, hata wasio wa jamii moja. Utafiti mwingine, uliofanywa kwenye kaya za Wamasai, Waarusha na Wachaga na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kusambaa huko kwa bakteria kuna uzito mkubwa kuliko dawa za mifugo ambazo kaya yenyewe inatumia. Kwa hiyo jirani asiyetumia dawa hajasalimika.

Je, wajua kwamba OTC (oksitetrasaiklini) haitibu kideri? Hapa nakuomba usome taratibu. Kuku wanaanza kuzubaa, wanaharisha kijani, shingo zinapinda. Mfugaji anakimbilia dukani na kurudi na unga wa njano, anaukoroga kwenye maji ya kunywea, na maji yote yanageuka rangi. Lakini kideri, au mdondo, huletwa na kirusi, na hakuna antibayotiki inayoua kirusi. Tena kuku mgonjwa hanywi vizuri, hivyo dawa hiyo huishia zaidi kwa wazima, na bakteria wa matumboni mwao wanapata mazoezi ya bure. Kinachofaa ni chanjo, na ipo: I-2, inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo kipimo ni kilekile, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, kwa hiyo hata mfugaji asiye na friji anaweza kuifikisha bandani. Wachanje wangali wazima.

Je, wajua kwamba dawa hupita hadi kwenye yai? Ndiyo maana kibandiko cha chupa huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai au kuchinja. Namwelewa mfugaji: broila wa wiki ya tano anakula chakula kila siku na mteja yuko getini. Lakini anayemtibu leo na kumchinja kesho anamuuzia mteja dawa asiyoiomba.

Je, wajua kwamba moto unaua bakteria, ila mabaki ya dawa hauyamalizi yote? Na bakteria wengi hutuingia kabla sufuria halijabandikwa: kwenye mikono, kisu na ubao. Ubao uliokatiwa kuku mbichi uoshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla nyanya ya kachumbari haijaugusa.