Zuri Husoma Bure

"Anko, hii ni pesa ngapi?" Mpwa wangu alinisogezea simu. Kwenye video, roboti NAO, kile kijitu cheupe cha sentimita 58, ilikuwa ikimsomea mtu kitabu. Binti huyu amepanga chumba Nyalenda B, Kisumu, yuko mwaka wa pili chuoni, na ana disleksia.

NAO imekuwa ikiuzwa kwa dola 9,000 hivi kwenda juu. Dola ikiwa Sh129, hiyo ni Sh1,161,000, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Halafu Aldebaran, kampuni ya Ufaransa iliyoiunda, ilifilisika Juni 2025, na mali zake kuu zikanunuliwa na Maxvision ya China. Goti la roboti likikwama, fundi wa Kibuye atakurudishia tu na pole.

Na milioni hiyo inanunua nini? Shingo inayokugeukia na mikono ya kupunga. Kwa mtoto wa darasa la pili anayeona haya kusoma mbele ya wenzake, mwili huo una kazi, maana hauchoki wala haucheki. Lakini mwanafunzi wa chuo ana kurasa sitini za kumaliza kabla ya Ijumaa. Anachotaka ni sauti, na sauti ya roboti ni programu tu ya kusoma maandishi, jamaa ya ile iliyomo simuni mwake.

Katikati ya roboti na simu kuna kalamu ya kusoma, C-Pen. Unaipitisha juu ya mstari, inautamka. Uingereza huuzwa zaidi ya pauni 200, yaani Sh30,000 na ushei. Haitegemei bando, na iko aina iliyotengenezewa chumba cha mtihani, ambako simu haingii. Hapo ndipo ningeifikiria. Lakini muulize muuzaji kama inajua Kiswahili kabla hujatuma pesa.

Tulianza na cha bure. Kivinjari cha Edge kina sauti za kusoma: Zuri na Rafiki kwa Kiswahili cha Kenya, Rehema na Daudi kwa cha Tanzania, na Kiingereza tele. Dholuo haimo. Sauti hizo hula bando. Ile ya Google unaipakua mara moja, kisha inasoma hata data ikiisha.

Tatizo likawa karatasi. Noti zake ni fotokopi ya fotokopi, kijivu, zimelala upande. Google Lens ilisoma "modern" ikawa "modem", mara tatu. Akacheka hadi akakaa chini: "Kumbe hata yenyewe inachanganya herufi!" Dawa ni kumwomba mhadhiri faili lenyewe kwa WhatsApp. Ombi halina bei.

Fonti ya OpenDyslexic pia ni bure, ila tafiti zilizoipima hazikuona ikiharakisha usomaji. Ukiipenda, itumie.

Ningekuwa na pesa za kutoa, zingeenda kwa tathmini rasmi ya disleksia, hata ikibidi nauli ya kwenda KISE, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, iliyoko Kasarani, Nairobi. Ukiwa na ripoti mkononi, ombi la muda wa ziada kwenye mtihani lina uzito. Ibara ya 54 ya Katiba nayo inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha. Ofisi ya chuo ikumbushwe hilo.

Jumamosi tulinunua hedifoni za waya, Sh250 baada ya kuvutana. Akashuka Ring Road huku Zuri akimsomea, kwa kasi ambayo mimi sikuweza kuifuata.