Gatongora: nyumba za wageni tele, anayesafiri na mbwa hana pa kulala

Kuanzia Kamakis na Membley hadi Gatongora huku Ruiru, jirani na Tatu City, magorofa yaliyojengwa kwa wapangaji wa mwezi yamegeuka malazi ya usiku mmoja au mbili. Chumba kina sofa, televisheni, intaneti na jiko la gesi. Mgeni hujipikia, hulipa kwa M-Pesa, na mara nyingi huondoka bila kuonana na mwenye nyumba.

Wateja wapo, na sababu zao zinaeleweka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ilikuta 490,120. Barabara ya Thika ilipanuliwa na kuzinduliwa 2012, na Eastern Bypass humfikisha mtu hapa kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta bila kupita katikati ya Nairobi. Wako wazazi wanaohudhuria mahafali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na Zetech, mafundi wenye kandarasi za miezi miwili Tatu City, na jamaa wa ughaibuni wanaorudi Desemba na kukuta nyumba ya wazazi imejaa.

Tatizo ni kwamba vyumba vinafanana mno. Chukua mfano wa anayekodi nyumba kwa shilingi 30,000 kwa mwezi na kuiuza shilingi 3,000 kwa usiku. Usiku kumi za kwanza ni za mwenye jengo. Baada ya hapo kuna tokeni za umeme, maji, dobi wa mashuka na mtu wa usafi. Jirani akishusha bei hadi 2,000, hesabu hiyo inadai usiku kumi na tano kwa kodi ya jengo pekee. Wengi wameingia kwenye vita hivyo vya bei, nami naona ni vita visivyo na mshindi.

Ilhali kuna mteja anayefukuzwa langoni kila wikendi: mwenye mbwa. Familia za Nairobi zinazofuga mbwa ndani ya nyumba zinaongezeka, na zikitaka kutoka mjini siku tatu hulazimika kumwacha mnyama kwa jamaa au kulipia banda. Magorofa mengi hayamruhusu hata mpangaji wa kudumu kufuga, sembuse mgeni.

Kwenye vijiji vya pwani ya Scotland, kama Crail na Pittenweem, nyumba ndogo za kujipikia zimemkaribisha mteja huyu kwa miaka mingi. Mbwa hulipiwa ada yake, hakubaliwi kitandani, wala haachwi peke yake ndani. Gatongora haina bahari. Ina kitu ambacho gorofa la Roysambu haliwezi kutoa: ploti za futi hamsini kwa mia zenye nyumba ya chini, nyasi na ukuta. Wamiliki wengi wanazivunja nyumba hizo wajenge orofa tano. Ningewashauri wapige hesabu upya kabla ya kuita tingatinga, maana nyumba hiyo kuukuu inaweza kutoza bei ambayo chumba cha orofani hakitaifikia.

Sheria haiko mbali. Sheria ya Utalii ya 2011 inazitaja nyumba za likizo miongoni mwa biashara zinazohitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na ushuru wa utalii ni asilimia 2. Baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kukodi Nairobi Januari 2024, serikali ilisisitiza usajili. Scotland nayo iliwapa wenye nyumba waliokuwa wakiendesha biashara hiyo muda wa hadi Oktoba 1, 2023 kuomba leseni. Mwenye nyumba Ruiru aone karatasi hizo kama kinga: mgeni wa familia huuliza kuhusu usalama kabla ya kuuliza bei.

Kazi kubwa iko uani. Maboma mengi ya Ruiru hufungulia mbwa wa lindo usiku. Akikutana na mbwa wa mgeni, damu itamwagika. Lazima wa lindo awe na ua wake. Kichaa cha mbwa bado kinaua Kenya, ambayo imejiwekea lengo la kukimaliza kufikia 2030, hivyo cheti cha chanjo kitazamwe langoni kabla ya gari kuingia. Tangazo nalo liseme wazi kwamba mbwa hulala humo, kwa kuwa Waislamu wengi hawatataka kuswali kwenye zulia alilopita, na wana haki ya kujua kabla ya kulipa. Sakafu ya vigae basi, bila zulia. Amana ya uharibifu irudishwe siku ile ile ya kuondoka, mara tu mlinzi akishakagua sofa na bustani.