Tukihifadhi Kila Kitu, Tunathamini Nini?

Familia inapofiwa huhitaji picha moja nzuri ya marehemu kwa ajili ya ibada ya mazishi. Zamani ilitolewa kwenye albamu, ikiwa mojawapo ya chache zilizokuwapo. Siku hizi simu za wanafamilia zina maelfu ya picha, na hata hivyo wafiwa hukesha wakiitafuta hiyo moja katikati ya matangazo, vichekesho na jumbe zilizosambazwa.

Chanzo si uzembe peke yake. Mkanda wa kamera ya zamani ulitoa picha 24 au 36 tu, na kila picha iligharimu fedha. Mpigaji alilazimika kujiuliza kwanza kama tukio lilistahili. Leo kadi ndogo kama ukucha hubeba maelfu ya picha, na kuhifadhi kumekuwa rahisi kuliko kuamua. Lakini kule kuamua ndiko kulikotuzoeza kutofautisha la kudumu na la kupita. Tukikuacha, twaanza kudhani kwamba tunalifahamu jambo kwa kuwa tu limo ndani ya simu.

Kanisa lina desturi iliyo tofauti. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa yaagiza kila parokia iwe na daftari za ubatizo, ndoa na marehemu. Daftari la ubatizo halielezi mavazi ya mtoto wala chakula cha sherehe. Huandikwa humo jina lake, wazazi, wasimamizi, mhudumu, mahali na tarehe. Baadaye huongezwa Kipaimara, Ndoa, Daraja Takatifu au nadhiri za daima. Mistari hiyo michache humfuata Mkristo maisha yake yote, kwa kuwa lengo la kuiandika lajulikana.

Hata Mwinjili Yohane, mwishoni mwa sura ya 20, akiri kwamba Yesu alifanya ishara nyingine nyingi asizoziandika. Alizoziandika aliziandika ili tuamini na kuwa na uzima. Naye Luka asimulia jinsi Bikira Maria alivyoyaweka mambo moyoni mwake akiyatafakari. Hakuyaweka na kuyasahau.

Basi twashauri kila familia itenge saa moja Dominika jioni, walau mara moja kwa mwezi. Ichague picha chache, iandike majina ya waliomo na tarehe, na kuchapisha zilizo bora. Sauti ya bibi akisimulia asili ya ukoo ihifadhiwe mahali pawili. Uvumi unaochafua jina la jirani ufutwe. Tena tuwaulize wazee majina ya watu walio katika picha za zamani wakingali nasi, kwa maana baada yao hatutakuwa na wa kumwuliza.

Mungu atujalie hekima ya kuchagua.