Sola ya Lipa Polepole: Betri Ikifa, Nani Anaibeba?

Mdahalo ukifika kwa mazingira, mmoja husema teknolojia ya kijani itatuokoa, mwenzake anasema ni mradi wa wafadhili tu. Hebu tuangalie kitu kilicho kwa nyumba zetu: sola ya lipa polepole.

Kabla M-Pesa ianze 2007, kampuni ingekusanyaje shilingi 50 kwa siku kutoka boma lililo mbali na barabara? Haiwezekani. Sasa unatuma kwa simu, taa inawaka. Usipotuma, wanaizima wakiwa Nairobi. Koroboi ikatoka, moshi wake pia. Hiyo faida ni ya kweli, tusiibishie.

Lakini betri haiishi milele. Miaka kadhaa inakufa, na wewe deni ulishamaliza, kwa hivyo hakuna anayekupigia simu tena. Inaishia shimo la taka, ama kwa mtu wa skrapu anayeipasua kwa nyundo.

Betri si mchezo. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, zile za madini ya risasi kama za magari, kiliwaachia wakazi sumu mwilini, watoto wakiwemo. 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3.

Sheria ya taka ya 2022 inambebesha jukumu anayetengeneza ama kuingiza bidhaa nchini, hata ikishakuwa taka. Kwa hivyo ukiahidiwa sola kila kijiji, uliza: betri zilizokufa zitapokelewa wapi, na nauli ya kuzifikisha huko ni ya nani?