Ngoma Ivumayo: Je, Haidumu Kweli?

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo haidumu. Methali hii ndiyo silaha ya kwanza ya mwalimu anayekumbana na kijana aliyetekwa na muziki wa roki nzito. Akisikia gita la umeme likikwaruza na mwimbaji akinguruma kama simba aliyejeruhiwa, hukata kauli papo hapo: huu ni wazimu wa Wazungu, kama si ibada ya shetani. Katika mabweni ya Nakuru, Molo au Naivasha, hukumu kama hiyo yaweza kumgharimu mwanafunzi gita lake, na pengine hata nafasi yake ya masomo. Kwa hiyo inafaa tuipime kabla ya kuitoa.

Hofu yenyewe haikuzuka jana. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza ibada za shetani nchini, na ripoti yake ikawekwa wazi mwaka 1999. Mzazi aliyekulia katika minong'ono ya miaka hiyo hashangazi anaposhtuka kuona fulana nyeusi yenye picha ya fuvu. Hata hivyo, mshtuko ni jambo moja na ushahidi ni jingine.

Tuanze na shtaka la ugeni. Ukitoka Nakuru kuelekea magharibi, ukapita Molo na Kericho, utafika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Hapo, mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo zilizoitwa Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimevuka bahari hadi huko. Wenyeji walilitamka kwa ulimi wao. Wasichana wa Kapkatet wakamfanya mgeni huyo kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamwimbia kwa ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti. Waliichukua sauti ya ng'ambo wakaifinyanga hata ikawa yao. Leo wimbo huo ni fahari ya Bonde la Ufa, na hakuna anayewashtaki wasichana wale kwa kuiga.

Roki nayo si mali ya Wazungu peke yao kama tunavyodhani. Chimbuko lake ni nyimbo za Wamarekani weusi, na miongoni mwa waliotangulia kulipa gita la umeme ukali wake ni Sister Rosetta Tharpe na Chuck Berry. Kule Uingereza, roki nzito ililelewa na vijana wa viwandani. Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani mjini Birmingham. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi ili asiumie, na mlio mzito uliotokea ukawa msingi wa mtindo mzima.

Hapa Afrika Mashariki tunao mfano wa bendi ya Duma. Msomaji wa Kiswahili atamwazia mnyama mwenye mbio kuliko wote. Wenyewe walilichukua jina hilo katika lugha ya Kikuyu, wakikusudia giza. Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, na Sam Karugu walitoka katika bendi za roki nzito za Kenya, wakaungana mwaka 2019. Walirekodi albamu yao mjini Kampala, ikatolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes, jina ambalo Waganda hulitumia kwa maana ya hamu ya kucheza ngoma, si ile tunayoijua sisi. Sifa zao zilivuka mipaka, wakaalikwa kupiga Ulaya huku wengi nyumbani hawajawasikia. Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu yake binafsi, The Adept, akaitunuku kwa Muthoni wa Kirima, jemadari wa kike wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023, ambaye humtaja kuwa wa ukoo wake. Kijana anayelaumiwa kwa kuusahau utamaduni ndiye huyo aliyemkumbuka shujaa wa misitu ya Nyandarua, milima ile ile ionekanayo mashariki ukiwa Naivasha.

Na jukwaani je? Duma walikuwa watu wawili tu, gita moja, sauti moja, na kompyuta iliyotoa mvumo wa ngoma kwa kasi isiyofuatika kwa mguu wa binadamu. Mlio huo hupiga kifua kabla haujafika sikioni. Khanja hushuka akaingia katikati ya watu, akinguruma uso kwa uso nao. Mbele ya jukwaa la roki nzito vijana husukumana mabega kwa mabega, na mgeni hudhani ni vita. Lakini ipo sheria isiyoandikwa: aangukaye huinuliwa mara moja na walio karibu. Hata ule mngurumo si ukelele wa ovyo. Huhitaji pumzi ya tumboni na koo lililozoezwa kwa miaka. Anayelazimisha bila mafunzo huharibu sauti yake.

Sisemi kwamba hakuna la kuonya. Wimbo mmoja wa Duma umeitwa "Pembe 666", na mwalimu mkuu akiuona katika daftari la mwanafunzi ana haki ya kuuliza. Tena kelele ya kiwango cha desibeli 100 yaweza kuanza kudhuru masikio kwa muda wa robo saa hivi, na sikio likishaharibika halina tiba ya kulirudisha. Vijana watumie vizibo vya masikio, wala gita lisiibe saa za masomo.

Lakini kuuliza si kunyang'anya. Mwalimu amwite mwanafunzi, amwambie: niandikie maneno ya wimbo huu, unieleze yana maana gani na kwa nini umeyapenda. Hapo insha imepatikana, na mazungumzo pia. Asomaye fizikia aeleze jinsi uzi uliolegezwa unavyotoa mlio wa chini. Asomaye historia amtafute Muthoni. Kama maneno ni ya upotovu, yatajifichua yenyewe, na onyo litakuwa na msingi.

Methali ya wahenga haijapotea. Bendi nyingi huvuma zikavunjika, na Duma nayo haikuwa ya milele. Lakini sauti iliyowapata wasichana wa Kapkatet kupitia santuri ingali inasikika baada ya zaidi ya miaka sabini. Ngoma yaweza kupasuka; kilichojifunzwa na mikono ya mpigaji hakipasuki nayo, na hicho ndicho mwalimu amekabidhiwa kukilea.